Masika yamekatika, bustani ya nyumbani ifanyweje? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mwishoni mwa Mei, mvua zinapoanza kuachia, maswali ya bustani hufanana kuanzia Goba hadi Chanika, Kigamboni hadi Bunju. Mchicha umekomaa, nyanya zimekauka nusu, magugu yamefika magotini, na mwenye bustani anajiuliza kama aendelee au aache. Majibu haya ni kwa mtu mwenye matuta mawili matatu uani au ndoo kadhaa barazani. Yanahusu Dar es Salaam na mwambao wake. Aliyeko Lushoto au Mbeya, ambako Juni na Julai ni baridi hasa, afuate kalenda ya kwao.

Mvua zikiisha, si ndiyo bustani imeisha?

Hapana, na hili ndilo ningependa kila mwenye uwanja mdogo Dar alishike. Wengi hupanda Machi mvua zinapoanza, huvuna mchicha mara mbili, magugu huwashinda, kisha Juni huliacha eneo mpaka vuli. Wanaliacha wakati uleule ambao hali ya hewa ya hapa hulea mboga vizuri kuliko miezi mingine yote.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, yana maji mengi, lakini hewa ni nzito, majani hayakauki, ukungu unatamba, na mvua kubwa huizamisha mbolea chini ya mizizi, hasa kwenye udongo wa kichanga. Kuanzia Juni upepo wa kusi umeshika na joto limepungua. Usiku hushuka hadi nyuzi 19 au 20, na mchana huzunguka 28 na 29. Nyanya hushika matunda vizuri katika hali hiyo, kwa kuwa usiku wa joto kali, kama wa Januari na Februari, huharibu chavua na maua hudondoka. Chainizi, sukuma wiki, spinachi, karoti na pilipili hoho nazo hupenda kipupwe. Kinachopungua ni maji tu, na maji unaweza kuyapanga.

Nianzie wapi? Bustani imekuwa pori.

Anza na macho kabla ya jembe. Pita tuta kwa tuta ukiuliza mmea mmoja mmoja: una afya, umechoka, au una ugonjwa? Watu hukosea kwa kung'oa kila kitu siku moja, wakapoteza bilinganya na pilipili ambazo zingezaa tena miezi mingi.

Bilinganya, nyanya chungu na pilipili mbuzi zilizo na afya usizing'oe. Kata matawi yaliyozeeka, acha karibu theluthi mbili ya mmea, weka samadi iliyooza kuzunguka shina, mwagilia. Baada ya wiki chache utaona machipukizi mapya na maua. Bamia iliyorefuka kupita kimo chako nayo inaweza kukatwa ikabaki kama futi mbili au tatu kutoka chini ili itoe matawi ya pembeni, mradi mizizi yake ni mizima.

Magugu yang'oe kabla hayajatoa mbegu. Ndago ni habari nyingine, kwa sababu ukiikata juu tu, vile vinundu vya chini vitachipua tena ndani ya siku chache. Chimba kwa uma wa bustani au jembe dogo udongo ukiwa bado na unyevu wa masika, utoe vinundu kimoja kimoja. Ukisubiri mpaka Julai ardhi ikauke, kazi hiyo itakuwa ngumu maradufu.

Mchicha umetoa maua. Bado unalika?

Unalika, lakini majani ni madogo na magumu. Acha mashina mawili matatu yaliyo bora kwa ajili ya mbegu, mengine ng'oa yaende kwenye mboji, kisha sia upya. Mchicha mpya utauchuma baada ya wiki tatu hadi nne.

Matembele yamejaa kila mahali, nifanye nini?

Kata yote yabaki kama kiganja kimoja kutoka ardhini, pitisha samadi juu, mwagilia. Marando uliyokata usiyatupe. Chagua yaliyo mazima, kata vipande vya sentimita 30, panda sehemu nyingine huku nusu ya kila kipande ikiwa chini ya udongo. Epuka marando yenye majani yaliyojikunja au yenye mabaka ya njano, kwa sababu virusi husafiri na rando hadi tuta jipya.

Nyanya zangu zilikuwa za kijani kabisa, zikanyauka ndani ya siku mbili. Ni kiu?

Kama udongo ulikuwa na unyevu na mmea ukanyauka bila majani kugeuka njano, shuku mnyauko bakteria. Kuna jaribio dogo ambalo kila mtu anaweza kulifanya nyumbani. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi, usikitikise. Ukiona baada ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka kutoka kwenye mkato, ni mnyauko bakteria.

Hakuna dawa ya kuponya mmea uliokwisha kupatwa. Ung'oe na mizizi yake na udongo ulioishika, uweke kwenye mfuko, uutoe bustanini. Usiutie kwenye mboji. Osha jembe na mikono kwa sabuni kabla ya kugusa tuta lingine. Halafu, na hapa ndipo watu wanapochoka kusikiliza, pale mahali usipande tena nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili, mnavu wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa, kwa sababu vimelea hubaki ardhini na mimea hiyo yote ni ya ukoo mmoja. Panda mahindi, vitunguu, mchicha au sukuma wiki. Ukitaka nyanya mwaka huohuo, zipande kwenye ndoo zenye udongo ulioletwa kutoka kwingine.

Kama mizizi ya mmea uliong'oa ina vinundu vinene vilivyoungana nayo, hilo ni tatizo tofauti. Ni minyoo fundo, na udongo wa kichanga wa Dar wanaupenda. Usiwachanganye na vile vinundu vidogo vya mizizi ya kunde, ambavyo hubanduka kwa kidole na vina faida kwa udongo. Minyoo fundo hushambulia vibaya nyanya na bamia, kwa hiyo usizifuatanishe mahali pamoja. Samadi na mboji kwa wingi husaidia kuwapunguza. Kulifunika tuta lililolowa kwa nailoni angavu wiki nne hadi sita pia husaidia, lakini fanya hivyo Januari au Februari jua likiwa kali. Katika kipupwe udongo haupati joto la kutosha kuwaua.

Mabaki ya mimea na majani makavu niyachome?

Tafadhali usiyachome. Tuna desturi ya kufagia uwanja hadi ung'ae, kukusanya majani ya mwembe na mkungu pembeni, na kuwasha moto jioni. Moshi unamsumbua jirani, na chakula cha udongo kimeishia angani. Udongo wetu hauna kitu kingine cha kuushikilia unyevu zaidi ya hayo majani.

Chimba shimo la mita moja kwa mita moja, au zungushia mabanzi kona moja yenye kivuli. Weka mabua na majani makavu, juu yake maganda ya mboga, ndizi na mapapai kutoka jikoni, kisha samadi kidogo, kisha udongo kiasi cha kufunika. Rudia. Nyunyiza maji ili iwe na unyevu bila kuchuruzika, geuza kila baada ya wiki mbili hivi. Kwa joto la Dar mboji huwa tayari baada ya miezi miwili hadi mitatu, hivyo ukianza Juni utaikuta ukihitaji kuandaa matuta ya vuli. Nyama, samaki na mafuta usitie, vitaleta panya na paka.

Mimea yenye mnyauko bakteria na nyanya zilizotobolewa na kantangaze ndizo zisizoingia humo. Kantangaze ni yule kiwavi anayechora njia nyeupe ndani ya jani na kutoboa tunda. Asili yake ni Amerika Kusini, na aliingia Tanzania mwaka 2014. Matunda aliyoyaharibu funga kwenye mfuko wa nailoni, uache juani siku kadhaa kabla ya kuutupa.

Udongo wa kwangu ni mchanga mtupu. Nikimwagilia, maji yanapotea.

Hili ndilo tatizo la Kigamboni, Mbagala, Boko na sehemu kubwa ya jiji, na dawa yake haibadiliki. Ni samadi, mboji na matandazo, kila msimu, bila kuacha. Mchanga hauna uwezo wa kushika maji wala virutubisho. Masika yamekwisha kuusuuza, kwa hiyo Juni ndipo unapohitaji kulishwa zaidi.

Kwa samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza, ndoo ya lita 20 kwa kila mita moja ya mraba ni kiasi kizuri, uichanganye na udongo wa juu kwa kina cha jembe. Ya kuku ni kali, robo ya kiasi hicho inatosha. Samadi mbichi usiipeleke moja kwa moja tutani. Inaunguza mizizi, inaleta magugu na inaweza kuacha vimelea vya kuhara kwenye mboga. Irundike, ilowanishe, ifunike miezi miwili mitatu. Iliyoiva haitoi joto, hainuki, na ukiishika inapukutika.

Majivu ya mkaa na kuni yanafaa kwa uchache, konzi moja moja kwa mita ya mraba. Watu huyamwaga ndoo nzima kwa kuwa yapo mengi jikoni, udongo ukageuka nyongo, yaani alkali ikazidi, na majani yakawa ya njano. Hata hilo linarekebishika kwa mboji nyingi na subira.

Jambo jingine la mchanga: matuta ya kipupwe yasiwe ya kuinuka. Wakati wa masika uliinua tuta ili maji yatoke. Sasa lisawazishe, au lishushe kidogo chini ya usawa wa njia, ili kila tone unalomwaga libaki kwenye mizizi.

Matandazo gani yanafaa, na mchwa je?

Nyasi kavu zisizo na mbegu, majani makavu, pumba za mpunga, makuti yaliyochakaa. Maranda ya kwa fundi seremala yanafaa juu ya udongo tu. Ukiyachanganya ndani yatanyonya naitrojeni na mboga zitadumaa. Tandaza unene wa vidole vinne, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Mchwa hupenda matandazo makavu kabisa, na tuta linalomwagiliwa vizuri huwa na mchwa wachache.

Nimwagilie kiasi gani?

Kadiria lita 4 hadi 5 kwa mita ya mraba kwa siku ambayo haikunyesha. Tuta la mita 1 kwa 3 linataka kama lita 15, yaani robo tatu ya ndoo ya lita 20. Ukiwa na matandazo unaweza kumwagilia siku moja na kuacha moja kwa mimea mikubwa, ila kitalu na mbegu zinazoota zinahitaji kila siku. Asubuhi ni bora kuliko jioni, kwani majani yanayolala na maji hukaribisha ukungu. Mwaga kwenye udongo, si juu ya majani.

Usidanganywe na manyunyu ya mchoo ya Julai na Agosti. Yanalowesha majani na vumbi la juu tu. Choma kidole ardhini: kama chini ya pingili ya pili ni pakavu, mwagilia.

Kwa nyanya na pilipili, chupa ya maji ya lita moja na nusu inasaidia sana. Toboa kifuniko kwa sindano iliyopashwa moto, kata kitako, ifukie kichwa chini karibu na mmea, ijaze asubuhi. Maji yanakwenda kwenye mizizi polepole, na hata maji ya bomba yakikatika siku mbili, dumu moja linahudumia mimea kadhaa. Maji ya kuoshea mchele na mboga yatumie pia. Ya kufulia yenye sabuni kali au dawa ya kung'arisha nguo usiyapeleke bustanini.

Maji ya kisima changu yana chumvi. Nikate tamaa?

Usikate. Chagua mboga zinazovumilia: spinachi inaongoza, mchicha na kunde hufuata. Maharage, karoti na vitunguu havitaki kabisa. Mwagilia mara chache lakini kwa wingi ili chumvi ishuke chini, na uache mboji ifanye kazi yake. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo na kingo za majani zimeungua, tafuta maji matamu ya kuusuuza. Mvua za vuli nazo zitakusaidia kwa hilo.

Naruhusiwa kuchota maji ya mto au mfereji wa mtaani?

Kwa mboga, nakuomba usichote. Watafiti walishapima mboga zilizolimwa kandokando ya mito Msimbazi na Sinza wakakuta madini mazito kama risasi na kadimiamu. Madini hayo yanaingia ndani ya jani, hayatoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha. Unalima nyumbani ili watoto wale mboga unayoijua ilikotoka. Usiipoteze faida hiyo kwa ndoo ya maji ya mfereji.

Juni na Julai nipande nini?

Kama una nafasi ndogo, ningeweka sukuma wiki, chainizi, spinachi, pilipili hoho na nyanya, na pembeni figiri na mchicha wa kuvuna haraka. Sia kitalu cha nyanya, hoho na sukuma mapema Juni, funika kwa nyasi mpaka ziote, kisha inua kichanja chepesi cha kivuli. Miche ya nyanya na sukuma huwa tayari baada ya wiki nne hivi, hoho huchelewa zaidi. Nyanya zipe nafasi ya sentimita 60 kwa 50, zifunge kwenye miti, punguza machipukizi ya kwapani. Utaanza kuvuna takriban miezi miwili na nusu hadi mitatu baada ya kupandikiza, kabla mvua za vuli hazijachanganya. Tengeru 97 na Tanya ni mbegu za kawaida zinazofahamika nchini, na unaweza kujiwekea mbegu zake. Dukani angalia lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, kwenye pakiti na tarehe ya mwisho ya matumizi. Mbegu za kupimiwa kwenye kikaratasi hazina wa kumuuliza zisipoota.

Karoti zisie palepale zitakapokua, hazipendi kuhamishwa.

Tuta langu lilipata jua masika yote, sasa lina kivuli. Kwa nini?

Jua limehamia kaskazini. Mwezi Juni saa sita mchana, ukuta wa mita 2 hutupa kivuli cha zaidi ya mita 1 upande wake wa kusini. Nyanya na hoho zihamishie upande wa kaskazini wa nyumba au ukuta, na kwenye kivuli cha nusu siku panda chainizi, spinachi au figiri.

Mvua zimeisha, wadudu wameongezeka. Kulikoni?

Mvua kubwa ilikuwa inawaangusha na kuwaosha. Sasa vidukari (wengi huwaita wadudu mafuta), utitiri na viwavi vidogo vya kijani vya kabichi na sukuma vinazaliana kwa utulivu. Geuza majani kila unapomwagilia, kwa sababu wanaanzia chini ya jani. Wakiwa wachache waponde kwa vidole au wapige kwa maji ya mpira. Wakizidi, twanga sado moja ya majani mabichi ya mwarobaini, loweka kwenye lita 5 za maji usiku mzima, chuja, ongeza sabuni ya mche iliyokunwa kidogo ili ishike, nyunyiza jioni juu na chini ya majani. Jua huivunja nguvu haraka, ndiyo maana nasema jioni, na rudia kila wiki.

Unga mweupe juu ya majani ya bamia na maboga si mdudu, ni ubwiri unga, ukungu usiohitaji mvua. Ondoa majani yaliyoathirika mapema, panua nafasi hewa ipite. Ukilazimika kununua kiuatilifu, hakikisha kimesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na uheshimu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa. Kuchuma sukuma siku mbili baada ya kupuliza ni kuwalisha watu wako sumu.

Konokono wakubwa?

Wachume usiku kwa tochi, ukiwa na glavu au mfuko mkononi. Wakati huu wanatafuta unyevu, hivyo ubao uliolowa ukiuacha chini utawakuta wamejificha asubuhi. Chumvi usimwage, itaua udongo pia.

Nyanya zinaoza kitako, zina doa jeusi chini. Ni ugonjwa?

Si ugonjwa wa kuambukiza. Tunda limekosa kalisi, na mara nyingi sababu ni kumwagilia kwa kushtukiza: kavu siku nne, kisha mafuriko. Mwagilia kwa kiasi kilekile, weka matandazo, na matunda yanayofuata yatakuwa mazima.

Nina ndoo na viroba tu barazani.

Unaweza kulima vizuri sana. Udongo wa masika kwenye viroba umechoka. Umwage chini, toa mizizi mizee, changanya sehemu mbili za udongo na moja ya mboji au samadi iliyooza, rudisha. Viroba hukauka haraka kwa upepo wa kusi, kwa hiyo vikusanye pamoja na umwagilie kila asubuhi. Toboa matundu chini, na kama una sahani za kukingia maji, zimwage. Makopo, matairi na vifuu vilivyobaki na maji ya masika vimwage leo, kwa sababu mbu wanaoeneza homa ya dengue huzaliana humo, na Dar ilishapata milipuko mwaka 2014 na 2019.

Nitajiwekeaje mbegu?

Kutoka mmea ulio bora na wenye afya, si ule uliobaki kwa kusahauliwa. Mchicha: subiri vichwa vikauke, vifikiche juu ya ungo, pepeta. Bamia: liache tunda likaukie mtini hadi lianze kupasuka. Nyanya: chagua iliyoiva kabisa, kamua mbegu na ute wake kwenye kikombe, acha siku mbili au tatu hadi ichachuke, osha, anika kivulini kwenye sahani. Ukizianika kwenye karatasi zitagandia. Hifadhi kwenye chupa kavu yenye kifuniko, ukiwa umeweka chini majivu makavu yaliyofungwa kwenye kitambaa ili yanyonye unyevu. Hewa ya pwani huziua mbegu upesi. Mbegu chotara usiziweke, kizazi chake hakitafanana na mama.

Ya vuli nianze lini?

Mboji iwe tayari Septemba. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza mwelekeo wa mvua za vuli kabla hazijaanza, na vuli ya Dar kwa kawaida ni Oktoba hadi Desemba, ingawa baadhi ya miaka huja kidogo sana au kupita kiasi. Nyanya zako za kipupwe zitakuwa zinamalizika. Usizipande tena kwa vuli, joto na unyevu vitazichosha. Inua matuta upya, fungua mifereji, na weka bamia, kunde, matembele na majani ya maboga. Kunde zipande pale nyanya zilipokuwa kama mizizi ya nyanya haikuwa na vinundu. Kama ilikuwa navyo, weka mahindi.